Kivinjari Chako Kichague Mwenyewe

Nani alikuchagulia kivinjari unachotumia? Jiulize kwa dhati kabla hujaendelea kusoma. Simu uliichagua: ulizunguka maduka, ukalinganisha kamera na betri, ukavutana na muuzaji hadi akashusha bei. Laini uliichagua, na bando unalichagua kila unapofungua menyu ya mtandao wako na kupima MB kwa shilingi. Lakini kivinjari, ile brauza unayofungulia matokeo ya mtihani, maombi ya ajira, akaunti ya benki, habari za nyumbani na maswali ambayo huwezi kumuuliza mtu uso kwa uso, ulikikuta tu. Siku ulipofungua boksi kilikuwa tayari kwenye skrini. Ukakibonyeza, na tangu hapo hujauliza tena.

Naandika ili uulize. Sisemi kila mtu ahame. Nasema kila mtu apime kwa mizani yake mwenyewe, aone faida na hasara, kisha aamue. Na akiamua kuhama, ahame bila woga, maana hasara za kuhama ni ndogo kuliko tunavyozihofia na nyingi zina dawa. Kinachoniuma ni kuona watu wenye akili zao timamu, wanaobishana kwa hoja juu ya kila jambo kuanzia mpira hadi katiba, wakiachia chombo wanachokitumia kutwa nzima kiamuliwe na watu wasiowajua.

Dunia iliwahi kukaa hivyo hivyo. Mwaka 1995 Microsoft ilitoa Internet Explorer, na muda si mrefu ikaifungamanisha na Windows, ikawa kila kompyuta mpya inakuja nayo. Netscape Navigator, iliyokuwa ikitawala wakati huo, ilikuwa nzuri na ilipendwa, lakini mtumiaji alipaswa kuitafuta, na mpinzani wake hakutafutwa. Mei 1998 serikali ya Marekani ikaishtaki Microsoft, na mahakama ikaja kuona kwamba kampuni hiyo ilivunja sheria kuulinda ukiritimba wake. Hukumu ilipofika, Netscape ilikuwa hoi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya asilimia 90 ya watu walikuwa ndani ya Internet Explorer.

Sasa tazama kilichofuata. Toleo la 6 lilitoka mwaka 2001. Toleo la 7 halikuja hadi 2006. Miaka mitano mizima kivinjari kilichotumiwa na karibu dunia yote kilisimama pale pale, kwa sababu hakuna aliyekuwa akikikimbiza. Aliyekaa kwenye intaneti kafe za miaka ile anakumbuka: unafungua ukurasa mmoja, yanafumka madirisha ya matangazo moja juu ya jingine, na dakika ulizolipia zinaisha ukiyafunga. Virusi vilipenya vilivyotaka. Watu walivumilia, wakidhani intaneti ndivyo ilivyo.

Aliyewatoa hapo hakuwa jaji. Mwaka 1998, ikiwa inazama, Netscape iliamua kuuweka wazi msimbo wa programu yake ili yeyote anayeweza aufanyie kazi, na kutoka hapo ukazaliwa mradi wa Mozilla. Tarehe 9 Novemba 2004 mradi huo ulitoa Firefox 1.0. Ilikuwa nyepesi, ilizuia yale madirisha ya matangazo, na ilikuruhusu kufungua kurasa nyingi kwa vichupo ndani ya dirisha moja, jambo ambalo Internet Explorer haikuwa nalo. Lakini kubwa kwangu ni hili: haikuja ndani ya Windows. Kila aliyeitumia aliitafuta, akaipakua, akaiweka kwa mikono yake. Wanafunzi waliwawekea wazazi, mafundi wakawawekea wateja. Desemba mwaka huo wapenzi wake wakachangishana, wakalipia tangazo la kurasa mbili katika New York Times, na majina ya maelfu ya waliochangia yakachapwa humo. Tarehe 17 Juni 2008 toleo la 3 lilipakuliwa mara 8,002,530 ndani ya saa 24, likaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Microsoft ililazimika kuamka na kurudi kazini. Na Chrome yenyewe, iliyotolewa na Google Septemba 2008, ilizaliwa katika dunia ambayo Firefox ilikuwa imekwisha kuifundisha kuhama.

Watu wa kawaida ndio waliofanya hivyo. Mmoja mmoja, kompyuta kwa kompyuta. Akikuambia mtu kwamba uamuzi wako peke yako hauna uzito, mpe historia hii aisome.

Korea Kusini nayo ina lake la kutufundisha, na ni la upande mchungu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 benki na ofisi za serikali za nchi hiyo zilijenga usalama wa miamala yao juu ya ActiveX, teknolojia ya Microsoft iliyofanya kazi ndani ya Internet Explorer peke yake. Ulionekana uamuzi wa busara, maana kila mtu alikuwa huko. Miaka ikapita, vivinjari bora vikaja, na Mkorea, raia wa nchi yenye intaneti ya kasi ya kupigiwa mfano duniani, akawa kila akitaka kufanya muamala benki au kununua kitu mtandaoni analazimika kurudi kwenye kile kizee. Mfumo rasmi wa vyeti vya kidijitali uliokuwa umefungamana na mambo hayo ulikuja kufutwa kisheria Desemba 2020. Miaka ishirini na ushei kujinasua kutoka katika mazoea ya kivinjari kimoja!

Turudi kwetu leo. Kwa vipimo vya StatCounter, takriban theluthi mbili ya matumizi ya wavuti duniani hupitia Chrome. Wala si jina hilo tu. Ndani ya kila kivinjari kuna injini, sehemu inayosoma msimbo wa ukurasa na kuuchora kwenye skrini. Mwaka 2013 Opera iliachana na injini yake na kuhamia ile ya Google. Januari 2020 Microsoft nayo ikatoa Edge mpya juu ya msingi huo huo wa Google, uitwao Chromium. Brave wapo hapo, Vivaldi wapo hapo, kivinjari cha Samsung kipo hapo. Injini kubwa zilizobaki ni tatu: ya Google, ya Apple inayoendesha Safari, na ya Mozilla inayoendesha Firefox. Na kwenye iPhone zinazotumika kwetu, hata ukipakua Chrome au Firefox, injini iliyo chini yake ni ya Apple. Mkulima anayepanda mbegu ya aina moja shamba zima anajua hatari yake: ukija ugonjwa unaoipenda mbegu ile, hakuna mstari utakaosalimika. Kosa moja la usalama katika injini moja linawagusa mabilioni ya watu kwa pamoja, na uamuzi wa kampuni moja kuhusu nini kiruhusiwe na nini kizuiwe unageuka kuwa sheria ya wavuti bila bunge lolote kuketi.

Unataka kujua uzembe wetu wa kutochagua una thamani gani? Bei yake imetajwa mahakamani. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilibainika kwamba mwaka 2022 pekee Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili injini yake ya kutafutia iwe ndiyo mtu anayoikuta akifungua Safari. Soma tena tarakimu hiyo. Kubadilisha injini ya kutafutia ni kazi ya mibonyezo michache ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Fedha zote hizo zimelipwa kwa sababu moja: wanajua kwamba tukishakuta kitu, hatukigusi. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google imeulinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria. Wizara ya Sheria ya Marekani ikaomba Chrome iuzwe. Septemba 2025 jaji huyo huyo akakataa kuamuru hivyo. Kwa hiyo usikae ukisubiri mahakama ya ng'ambo ikupangie mambo yako.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wamewekewa sheria. Tangu Machi 2024 kampuni kubwa zinalazimika kuwaonyesha watumiaji orodha ya vivinjari na kuwauliza wanataka kipi. Aliyenunua simu Kariakoo au Luthuli Avenue haulizwi. Basi jiulize mwenyewe. Orodha ile ile ipo kwenye duka la programu la simu yako, na hakuna aliyekufungia.

Haya, tupime. Nianze na faida inayogusa mfuko, kwa sababu ndiyo inayotutofautisha na msomaji wa London mwenye intaneti isiyo na kikomo. Ukifungua tovuti ya habari, hushushi habari peke yake. Unashusha pia matangazo, video zinazojicheza zenyewe, na misimbo ya kampuni usizozijua ambayo kazi yake ni kukufuatilia. Vyote hivyo vinakula bando lako. Kivinjari kinachozuia takataka hizo kinakupunguzia gharama kila siku unayoishi. Brave huzuia chenyewe tangu siku ya kwanza. Firefox ya Android inakubali viendelezi, yaani programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo, kama uBlock Origin inayozuia matangazo. Chrome ya Android haipokei viendelezi kabisa. Kwenye kompyuta, Google ilibadilisha kanuni za viendelezi vya Chrome, na kati ya 2024 na 2025 uBlock Origin ya asili ikazimwa humo, likabaki toleo lililopunguzwa nguvu. (Matangazo ndiyo yanayolipa mishahara ya magazeti mengi, na mimi ninayeishi kwa kuandika sitaki tuyasahau magazeti hayo. Tovuti unayoithamini iruhusu ionyeshe matangazo yake. Kizuizi kizuri kinakupa uwezo huo kwa kila tovuti.)

Faida ya pili ni faragha, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu wengi wamejiaminisha jambo lisilo kweli. Ile hali fiche unayoifungua ili usionekane inakuficha kwa mtu mnayetumia naye simu moja. Haikufichi kwa tovuti unazozitembelea, wala kwa mtandao wa ofisi, wala kwa kampuni ya simu. Mwaka 2020 watumiaji waliishtaki Google nchini Marekani kuhusu data iliyokusanywa watu wakiwa katika hali hiyo, na katika makubaliano ya mwaka 2024 Google ilikubali kufuta kumbukumbu nyingi mno. Na kuhusu vidakuzi vya kampuni za pembeni, vile vinavyokufuata kutoka tovuti hii hadi ile, Safari ilivizuia vyote Machi 2020. Firefox tangu Juni 2022 huvitenga kila tovuti na vyake, visiweze kupeana habari zako. Chrome iliahidi mwaka 2020 kuviondoa, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na 2024 ikaachana na mpango huo. Mwenye Chrome ndiye mwenye biashara kubwa ya matangazo. Unganisha mwenyewe.

Ya tatu naipenda kwa sababu inawahusu watu ambao hakuna anayewaandikia: wenye mashine za zamani. Kompyuta za Windows 7 bado zinafanya kazi katika ofisi za vijiji, shuleni na kwenye steshenari zetu. Chrome iliziaga mapema mwaka 2023 na toleo la 109. Mozilla iliendelea kuzitolea masasisho ya usalama kupitia Firefox 115 ya muda mrefu, ikayaongezea muda zaidi ya mara moja. Kwa upande wa simu, Chrome 138 ya katikati ya 2025 ndiyo ya mwisho kwa Android 8 na 9. Ukiwa na simu ya umri huo, kivinjari chako huenda kimekwisha kuacha kupokea viraka vya usalama na wewe hujui, maana hakipigi kelele. Kinaendelea kufunguka kama jana. Mwalimu mkuu unayesoma hapa, kwa maabara yako yenye kompyuta chakavu kumi na tano, huu si mjadala wa starehe. Ni usalama wa wanafunzi wako.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake, na sitaki kukudanganya. Hasara ya kwanza ni maneno ya siri. Watu wengi wameyahifadhi ndani ya kivinjari na hawayakumbuki hata moja. Ukihama ovyo, utajikuta nje ya akaunti zako. Ya pili, kuna tovuti zilizojengwa na kujaribiwa kwenye Chrome tu. Ukizifungua kwa Firefox utakuta kitufe kisichobonyezeka, au fomu inayokataa kutuma saa sita usiku ya siku ya mwisho ya maombi. Kosa hilo ni la wajenzi wa tovuti, lakini anayeumia ni wewe. Ya tatu, Chrome hukutafsiria ukurasa mzima kwa Kiswahili papo hapo; mwenye kuitegemea huduma hiyo ajaribu kwanza kivinjari anachokitaka kinatoa nini.

Na vivinjari vyenyewe visikupumbaze kwa matangazo yao. Brave inajinadi kwa faragha, lakini Juni 2020 iligundulika inaongeza msimbo wa kujipatia kamisheni kwenye anwani za baadhi ya tovuti za sarafu za kidijitali, na mkuu wake Brendan Eich, yule aliyeiunda lugha ya JavaScript mwaka 1995, akalazimika kuomba radhi. Mozilla, ninayoisifu hapa, sehemu kubwa ya mapato yake inatoka Google, inayolipia iwe injini ya kutafutia ya Firefox. Huo ni udhaifu wa kweli, na kila anayeipenda Firefox anapaswa kuujua.

Opera Mini inastahili aya yake, kwa sababu ndiyo iliyotufikisha wengi mtandaoni. Ilienea kuanzia mwaka 2006, enzi za simu za Nokia zenye vitufe, na ilifanya lililoonekana muujiza: ukurasa ulifunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, ukabanwa hadi kubaki sehemu ndogo, ndipo ukatumwa kwenye simu yako. Kizazi kizima cha wanafunzi Afrika Mashariki kilisoma hivyo kwa senti. Naiheshimu kwa hilo. Lakini elewa inavyofanya kazi. Katika hali yake ya kubana kupita kiasi, anayeufungua ukurasa ni seva ya Opera kabla yako, kwa hiyo ule usiri kati yako na benki unapita mikononi mwa mtu wa tatu. Somea habari humo, tafuta mapishi, fuatilia matokeo ya ligi. Akaunti ya benki fungulia kwingine. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na wawekezaji wa China mwaka 2016, na baadaye ikaingia katika mikopo ya simu nchini Kenya kwa majina kama OKash na OPesa, biashara ambayo ripoti ya kampuni ya utafiti ya Hindenburg Research ya Januari 2020 iliishutumu vikali. Kumjua aliye nyuma ya kivinjari ni sehemu ya kupima. Na hata aliyekimbilia Chrome kwa ajili ya kubana data aliachwa njiani: hali nyepesi ya Chrome ilizimwa Machi 2022.

Mizani yangu imeelemea wapi? Kwa mtu mwenye simu ya Android anayenunua bando la siku, naona faida inazidi hasara waziwazi, na ningemwambia aanze na Firefox yenye kizuizi cha matangazo, au Brave akitaka kitu kisichohitaji kurekebishwa. Kwa mwenye Windows 7, asibaki kwenye Chrome iliyoachwa, ila ahakikishe kwanza kwamba anakohamia bado kunapokea masasisho. Kwa mwenye iPhone, Safari tayari inamlinda vizuri, na kuhama kutampa machache kwa kuwa injini haibadiliki. Kwa mfanyakazi ambaye kompyuta ni ya mwajiri na kila kazi yake imo ndani ya huduma za Google, kubaki Chrome ni uamuzi wa haki kabisa, mradi awe ameufikiria. Aingie kwenye mipangilio, afute viendelezi asivyovijua vimetoka wapi, azime arifa za tovuti zinazomrushia matangazo ya mikopo na kamari, achague mwenyewe injini ya kutafutia.

Kwa anayehama, fanya kwa utaratibu na hutalia. Pakua kutoka duka rasmi la programu au tovuti ya mwenyewe, na soma jina la mtengenezaji, maana waigaji ni wengi. Ukiwa na kompyuta, anzia huko: Firefox, Brave na Edge zote zina kitufe cha kuleta alamisho na historia kutoka kivinjari cha zamani, na mara nyingine hata maneno ya siri, na ukiwasha usawazishaji wa kivinjari kipya vitu hivyo vinakufuata hadi kwenye simu. Ukilazimika kuhamisha maneno ya siri kwa faili la CSV, fahamu kwamba faili hilo ni maandishi wazi, linasomeka na yeyote atakayelifungua. Usilitume WhatsApp. Usilihamishe kwa flashi ya mtu. Ukishalitumia lifute, ulifute na kwenye pipa la kompyuta. Na usifanye zoezi hili steshenari, hata kama mwenye nayo ni rafiki yako wa damu.

Kivinjari cha zamani usikifute. Kiache kwa wiki kadhaa, kikae pembeni kwa ajili ya siku ile fomu itakapogoma. Wakati huohuo jaribu mapema mambo yasiyokubali kuchelewa: kama ni mwanafunzi wa Tanzania unayetegemea mkopo wa HESLB, au unaomba kazi kupitia Ajira Portal, au uko Kenya na una mambo yako kwenye eCitizen na iTax, ingia huko kwa kivinjari kipya wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho. Kitakachokubali, endelea nacho. Kitakachogoma, kifanyie kwenye cha zamani, kisha waandikie wenye tovuti uwaambie wazi kwamba mfumo wao haufanyi kazi kwenye kivinjari chako. Andika kwa adabu, andika kwa jina la kivinjari na toleo lake. Mtengenezaji asiyepata malalamiko anaamini hakuna anayeumia, na hivyo ndivyo Korea ilivyofika ilikofika.

Siku tatu nne za mwanzo vidole vitatafuta vitufe mahali visipokuwepo. Utakereka. Utasema afadhali kule. Vumilia hapo, kwa sababu hiyo si dalili ya kivinjari kibaya, ni mkono unajifunza upya, na mkono hujifunza haraka. Ukifika wiki ya pili na bado kinakukera, una haki ya kurudi au kujaribu kingine. Hujasaini mkataba na mtu.

Na wewe mwenye steshenari, una nguvu kuliko unavyofikiri. Kivinjari utakachokiweka kwenye zile mashine zako ndicho watakachokijua mamia ya wateja wako. Weka kinachopokea masasisho, kipangie kifute vidakuzi na historia kila kinapofungwa, uwaambie wateja wasikubali kuhifadhi neno la siri hata wakiulizwa. Kijana mwenye ujuzi uliyepo nyumbani, mwombe ruhusa mama yako, kaa naye, mweleze unabadilisha nini na kwa nini, umwekee. Mwachie alama ile ile mahali pale pale kwenye skrini ili asipotee.

Usingoje simu mpya. Jioni hii, ukiwa na MB za kutosha, pakua kimoja. Ingia Mipangilio, nenda kwenye Programu, tafuta palipoandikwa Programu chaguomsingi, gusa kivinjari, uweke kile ulichokichagua. Kisha fungua ndani yake ule ukurasa unaouhitaji kweli kesho asubuhi, fomu yako, benki yako, ratiba ya basi lako, uone kama unafunguka.